Mwenye ulemavu naye ana haki ya usukani

Familia nyingi huficha funguo za gari kabla ya kuuliza sheria inasema nini. Kumbe njia ya kupata leseni ipo, ila ina mashimo yake.

Mzee akikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mojawapo ya mambo yanayoamuliwa mapema nyumbani huwa ni gari. Kidonda hakijapona, wana wamekwisha kukaa kikao na kukubaliana: gari liuzwe, ama atafutwe kijana wa kumwendesha. Mwenyewe yuko chumbani amelala. Huja kuarifiwa mnunuzi akiwa tayari langoni.

Katika boma jingine ni binti kiziwi. Kaka zake walipelekwa shule ya udereva mmoja baada ya mwingine walipomaliza Kidato cha Nne. Zamu yake ilipofika ilirukwa, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza ni kwa nini.

Maamuzi ya aina hii hufanywa kwa mapenzi. Hakuna anayetaka kumzika mzazi au mtoto kwa ajali ambayo ingeepukika. Lakini mara nyingi nyuma ya mapenzi hayo kuna dhana ambayo haijawahi kuchunguzwa, kwamba serikali haimpi mtu mwenye ulemavu leseni ya udereva. Dhana hiyo si kweli. Sheria ya Kenya haimuulizi mtu kama mwili wake umekamilika. Humuuliza kama anaweza kuliendesha gari fulani bila kuhatarisha watu. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo inayoamua kama mtu atakwenda kazini mwenyewe au atangoja kubebwa maisha yake yote.

Si anasa

Wapo wanaosema kwamba gari ni starehe na mwenye ulemavu ana mahitaji mengine ya kushughulikiwa kwanza. Anayesema hivyo hajawahi kusimama kituoni na kiti cha magurudumu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Matatu ya kwanza hupita kwa sababu utingo anaona atapoteza muda. Ya pili husimama, lakini nauli inakuwa mbili, moja ya mtu na moja ya kiti kinachohesabiwa kama mzigo. Ili aingie ni lazima akubali kunyanyuliwa na wanaume asiowajua, mikono ikimshika popote inapofikia. Mwanamke anayepitia hayo kila siku hahitaji kuelezwa maana ya heshima.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya uchukuzi wa umma wayarekebishe ili yawafae abiria hawa. Sheria hiyo sasa imebadilishwa na mahali pake pamechukuliwa na ile ya 2025. Ila ngazi za matatu bado ziko juu, na mlango bado ni ule ule mwembamba. Kwa hivyo kwa mtu mwenye ulemavu wa viungo, gari lake mwenyewe huenda likawa ndicho chombo pekee kinachoweza kumfikisha kazini kwa wakati, akiwa na nguo safi na moyo mtulivu.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu nchini, kati ya wale wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wenye shida ya kutembea. Kila uchao ajali za bodaboda na maradhi kama kisukari na kiharusi huongeza watu wengine katika kundi hilo. Wengi wao walikuwa madereva jana.

Sheria inasema nini?

Tuanze juu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali popote na kutumia uchukuzi wa umma kwa njia inayofaa, na ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kenya pia iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinazitaka nchi zimwezeshe mtu kujiendea kwa uhuru mkubwa iwezekanavyo, kwa namna na wakati anaoutaka yeye, na kwa gharama anayoimudu.

Tukishuka barabarani tunakutana na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Hii humtaka kila mwombaji wa leseni, awe mzima au mwenye ulemavu, atangaze kama ana ugonjwa au hali ya mwili inayoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Wengi huishia hapo na kudhani mlango umefungwa. Lakini sheria hiyo hiyo inaendelea. Isipokuwa kwa maradhi na hali chache zilizotajwa, mwombaji ana haki ya kudai apimwe uwezo wake wa kuendesha gari la aina fulani. Akifaulu na hakuna kizuizi kingine, hanyimwi leseni kwa sababu ya ulemavu peke yake. Leseni yake inaweza kuwekewa mpaka, yaani aendeshe magari ya namna ile aliyofanyia mtihani, kwa mfano yenye gia za otomatiki au yaliyofungwa vifaa vya mkono.

Neno la kushika hapo ni “kudai”. Karani akikwambia haiwezekani, unaweza kumjibu kwa upole kwamba hukuja kuomba huruma. Umekuja kuomba kupimwa.

Msimamizi wa shughuli hii ni Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Mwaka 2020 kanuni mpya za shule za udereva, walimu na leseni zilipanga upya madaraja ya leseni, na daraja F likatengewa watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe imekiri kwenye karatasi kuwa madereva hawa wapo. Anayemwambia mwanao kwamba “leseni ya walemavu haipo” hajasoma orodha.

Kuendesha kunahitaji nini hasa?

Ukiondoa mbwembwe, udereva ni mambo matatu. Kuona kilicho mbele, nyuma na pembeni. Kuamua upesi na kwa busara. Kuliamuru gari liende, lisimame na ligeuke. Mambo mawili ya kwanza ni ya macho na akili. Ni la tatu tu linalohusu viungo, na hilo ndilo ambalo mafundi wamelipatia majibu tangu zamani.

Hapa Kenya tuna bahati moja ambayo hatukuipanga. Magari mengi tunayoyanunua ni ya mtumba kutoka Japani, usukani uko kulia na gia ni za otomatiki. Gari la namna hiyo halina klachi. Lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto umekaa bure safari nzima. Kwa hivyo aliyepoteza mguu wa kushoto anaweza kuliendesha bila kubadilisha chochote. Aangalie tu jambo moja kabla ya kununua: baadhi ya magari ya familia kutoka Japani yana breki ya kuegesha inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto. Achague lile lenye breki ya kuvutwa kwa mkono au ya kitufe.

Aliyepoteza mguu wa kulia hufungiwa pedali ya mafuta upande wa kushoto wa breki, ili mguu uliobaki ufanye kazi zote mbili. Lakini gari likitumiwa na watu wengine nyumbani, hatari iko hapo. Mtu aliyezoea mpango wa kawaida anaweza kukanyaga mafuta akidhani ni mahali pa kupumzisha mguu. Kifaa kizuri ni kile kinachokunjwa au kutolewa, na kila mwenye ufunguo aelezwe.

Asiyeweza kutumia miguu yote miwili hutumia wenzo wa mkono. Ni chuma kilichounganishwa na pedali zote mbili na kuishia karibu na usukani. Katika mtindo ulioenea zaidi, ukikisukuma mbele gari linafunga breki, ukikivuta kwako linaongeza mafuta. Kwa kuwa mkono mmoja unashughulika na wenzo, usukani hufungwa kishikio cha mviringo ili mkono wa pili uuzungushe wote bila kuteleza. Uzuri wake kwa familia ni kwamba pedali hubaki mahali pake. Mama akishuka, baba au kijana anaweza kuendesha gari lile lile kwa miguu.

Wapo pia ambao miguu wanayo lakini haina hisia. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya nyayo, na mtu hukanyaga breki bila kujua amekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Huyu yuko katika hatari kubwa kuliko aliyekatwa mguu, kwa sababu hakuna anayemwona kuwa na ulemavu, hata yeye mwenyewe. Wenzo wa mkono humfaa.

Mwenye mkono mmoja anahitaji kishikio cha usukani, na pengine swichi za taa na waipa zihamishwe. Magari ya Japani huwa na mkono wa taa za kuashiria upande wa kulia wa usukani, kwa hiyo asiye na mkono wa kulia hufungiwa kirefusho kinachofika kushoto. Mtu wa kimo kifupi hurefushiwa pedali na kuinuliwa kiti, lakini kifua chake kisisogee mno kwenye usukani. Mfuko wa hewa hulipuka kwa nguvu, na inashauriwa kuwe na angalau sentimita 25 kati yake na kifua. Mwenye jicho moja hujifunza kuzungusha kichwa zaidi na kutegemea vioo vipana, na huchukua muda kuzoea kukadiria umbali.

Na viziwi? Hapa ndipo ubishi huwa mkali mezani. “Hatasikia honi!” Ni kweli. Lakini tujiulize, dereva wa matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo husikia honi ya nani? Aliyefunga madirisha, akawasha redio na kuongea na abiria, je? Taa za barabarani, alama, mistari, breki za gari la mbele, ambulansi yenye kimulimuli, vyote huonekana kwa macho. Kiziwi anayefundishwa vizuri huzoea kutazama vioo mara nyingi, kwa sababu anajua kuwa sikio halitamwokoa.

Mkasa uko shuleni

Kama sheria iko sawa na vifaa vipo, mbona hatuwaoni madereva hawa kwa wingi? Jibu liko katikati, baina ya sheria na barabara. Liko kwenye shule ya udereva.

Shule nyingi zina magari ya klachi, yenye breki ya ziada upande wa mwalimu na mawili matatu yaliyochakaa kwa kugongwa. Gari lenye wenzo wa mkono ni nadra kulipata. Ndipo mwanafunzi anapoambiwa aje na gari lake mwenyewe. Sasa fikiria mzunguko huo. Hawezi kujifunza bila gari, na si busara kununua gari kabla ya kujua kama ataweza kuliendesha. Mwenzake asiye na ulemavu hulipa karo na kuanza masomo Jumatatu. Yeye anaambiwa kwanza atafute mamia ya maelfu ya shilingi.

Kiziwi naye anakutana na ukuta mwingine. Somo la nadharia hutolewa kwa mdomo mbele ya ubao wenye mfano wa mji, ambako vigari vya kuchezea husukumwa kwenye barabara zilizochorwa. Mtahini huuliza, mwanafunzi hujibu. Bila mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, kiziwi anaweza kujua kila kitu na bado aanguke, kwa sababu hakulielewa swali. Barabarani ni vigumu zaidi, maana macho hayawezi kutazama mikono ya mkalimani na njia kwa wakati mmoja. Walimu wanaojua kazi yao husimamisha gari kando, hueleza, kisha huendelea. Gari likiwa mwendoni hutumia alama chache walizokubaliana mapema: gusa bega la kushoto, pinda kushoto, gusa mara mbili, punguza mwendo. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mwalimu aliye tayari kufikiri.

Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi au mwenyewe aulize shule maswali haya. Mmewahi kumfundisha mtu mwenye hali kama yangu? Gari lenu ni la otomatiki? Mwalimu yuko tayari kufundisha kwa gari langu, na bima ya gari hilo inaruhusu mwanafunzi? Siku ya mtihani mtawaarifu watahini mapema kuhusu gari au mkalimani? Chumba cha nadharia kiko ghorofa ya ngapi? Shule ikisitasita, endelea na safari yako. Shule ziko nyingi.

Hatua kwa hatua

Kwanza ni hospitali. Ulemavu hupimwa na madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na ripoti yao ndiyo inayomwezesha mtu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Kadi hiyo si ya leseni tu. Ndiyo ufunguo wa huduma nyingine, zikiwemo nafuu za kodi. Familia nyingi hukawia kuitafuta kwa aibu au kwa matumaini kwamba hali itabadilika. Ikibadilika, vizuri. Isipobadilika, mtakuwa mmepoteza miaka.

Ukiwa hospitalini, mtafute pia mtaalamu wa tiba ya viungo. Daktari anaweza kusema una ulemavu gani, lakini mtaalamu huyu ndiye atakayepima nguvu ya mkono wako, muda unaoweza kukaa wima, na namna ya kujihamisha kutoka kiti cha magurudumu hadi kiti cha dereva. Kuhama huko ni mtihani wa peke yake. Kuna anayeweza kuendesha vizuri lakini hawezi kuingia garini bila msaada, na kuna anayeingia akashindwa kukikunja kiti na kukivuta ndani. Hayo yafanyiwe mazoezi nyumbani gari likiwa limezimwa.

Pili ni macho. Yapimwe vizuri, si kwa kubahatisha. Miguu ina vibadala, macho hayana.

Tatu, fungua akaunti ya huduma za NTSA mtandaoni, uombe leseni ya muda ya mwanafunzi na utangaze hali yako kwa ukweli. Usifiche. Ukificha ulemavu au ugonjwa kisha ukapata ajali, utajikuta mbele ya hakimu, na kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukuruka. Mabadiliko yoyote kwenye gari nayo yaarifiwe bima kwa maandishi.

Nne ni mafunzo na mtihani. Hakikisha ombi lako limeeleza daraja unalolitaka na aina ya gari utakalolitumia. Beba ripoti ya daktari, kadi na nakala zake. Mtahini akikukataa kabla ya kukupima, omba sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa NTSA, na kwa Baraza ikibidi.

Gari, ushuru na ndugu wenye tamaa

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe mtu mwenye ulemavu ushuru wa kuingiza gari moja lililotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya matumizi yake. Msamaha huo hutolewa mara moja kila baada ya miaka 4. Hutegemea vibali, na hapa nchini njia yake hupitia Baraza na Mamlaka ya Ushuru, KRA. Kosa linalowagharimu wengi ni kuagiza gari kwanza na kuomba msamaha gari likiwa tayari bandarini Mombasa, gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku. Pata kibali kwanza, ndipo uagize. Kumbuka pia kwamba gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini.

Sasa tuseme wazi jambo linalosemwa kwa kunong’onezana. Msamaha huu umewatia watu tamaa. Utakuta mjomba ambaye hajamjulia hali mpwa wake kwa miaka mitano anafika ghafla na soda na mkate, akiomba kadi na sahihi. Gari linaingizwa kwa jina la kijana mwenye ulemavu, linaendeshwa na mjomba, na kijana anaendelea kutambaa hadi kituoni. Siku kijana atakapotaka gari lake mwenyewe ataambiwa nafasi yake imekwisha tumika. Ikigundulika kuwa kibali kilipatikana kwa udanganyifu, jina litakalosomwa ni lake. Wazazi, hiyo kadi ni ya mtoto wenu. Si mali ya ukoo. Mwenye kuihitaji kweli asione haya kumwambia mjomba hapana.

Wengine wafanyavyo

Sheria yetu ya trafiki ina mizizi Uingereza, kwa hivyo si vibaya kutazama wenyewe wamefika wapi. Huko leseni huandikwa namba zinazoeleza gari linahitaji nini. Namba 10 ni gia, 20 ni breki, 25 ni mafuta, 40 ni usukani. Polisi akiisoma leseni haoni orodha ya vilivyopungua mwilini mwa mtu. Anaona orodha ya vitu vinavyotakiwa kuwa kwenye gari. Kuna pia vituo ambako mtu hupimwa na wataalamu na kujaribu vifaa kabla ya kununua chochote. Tangu 1977 upo mpango wa Motability, ambao humwezesha mtu kukodi gari lililorekebishwa kwa kutumia posho yake ya ulemavu.

Hatuna fedha za Uingereza, lakini kituo kimoja chenye gari moja la wenzo wa mkono katika kila mji mkubwa, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, kingekata ule mzunguko wa kuku na yai. Ujuzi wa chuma hatujaukosa. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianza 1958, na karakana zake zimekuwa zikiunda viti vya magurudumu vinavyostahimili njia zetu. Fundi anayeweza kuunda kiti hicho anaweza pia kujifunza kufunga wenzo wa breki, mradi kazi yake ikaguliwe. Breki si mahali pa kubahatisha kwa waya na mpira.

Nani asiendeshe?

Kusema haki ipo si kusema kila mtu aendeshe. Kuna hali ambazo usukani ni hatari kwa mwenyewe na kwa mtoto anayevuka barabara. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia asiendeshe. Uingereza, kwa mfano, humtaka dereva wa gari dogo kwa kawaida awe amekaa miezi 12 bila kuanguka. Anayedunga insulini apime sukari kabla ya kuwasha gari. Ushauri wa huko ni kwamba ikiwa chini ya 5 asiondoke mpaka ale na ipande, kwa kuwa sukari ikishuka mtu huchanganyikiwa kabla hajajua. Aliyepata kiharusi anaweza kupona mkono na mguu lakini akabaki haoni upande mmoja, na asijue kwamba haoni. Huyo apimwe na daktari kabla ya kurudishiwa funguo, hata akisema yuko sawa.

Linganisha orodha hiyo na hofu zetu za kawaida. Tunamwogopa binti kiziwi na mzee wa mguu mmoja, ambao hatari yao inaweza kudhibitiwa kwa kifaa na mafunzo. Wakati huo huo tunapanda gari la mjomba mwenye kifafa cha siri bila wasiwasi, kwa sababu anatembea vizuri. Jicho la familia hutazama miguu, hali hatari imejificha kwingine.

Akishapata leseni

Siku ya kwanza asipelekwe Thika Road. Aanze kwenye uwanja mtupu, kisha barabara za mtaani, kisha mjini siku ya Jumapili asubuhi, ndipo aingie msongamano. Dereva wa wenzo wa mkono huchoka mabega mapema, kwa hivyo safari ndefu ziwe na vituo.

Panga mapema gari likiharibika itakuwaje. Dereva mwingine hushuka na kuweka pembetatu za tahadhari nyuma ya gari. Asiyeweza kushuka upesi anahitaji simu iliyojaa chaji, namba ya fundi na ya jirani mmoja anayeaminika, na taa za dharura ziwashwe mara moja. Kiziwi aweke karibu na usukani kadi iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba yeye hasikii, na kalamu na karatasi. Akisimamishwa na polisi aache mikono ionekane kabla ya kuifikia kadi, asije akadhaniwa anakaidi amri asiyoisikia.

Na watu wa nyumbani wajifunze kukaa kiti cha abiria kimya. Kupiga ukelele kila lori likipita hakumsaidii dereva yeyote.

Kwa hiyo mzazi, mke, mume au mwana unayesoma haya, kama kuna funguo zilizofichwa kabatini tangu siku ile ya hospitali, zungumzeni. Mwenyewe awepo kwenye kikao. Aulizwe kwanza kama anataka kuendesha, maana wengine hawataki, na hilo nalo ni haki yao. Akisema anataka, hatua inayofuata ni kwenda kupimwa. Mtahini anaweza kusema hapana baada ya kumpima. Lakini gari lisiuzwe, na zamu ya mtoto isirukwe, kabla ya jibu hilo kutolewa na mtu mwenye kazi ya kulitoa.